Vimelea vya nje vya kuku wa kienyeji (Masisi na Walikale)

Vimelea vya nje vya kuku ni chawa, utitiri, viroboto na kupe. Baadhi yao huishi maisha yao yote katika manyoya na ngozi ya kuku, wengine hujificha katika nyumba na kumjia usiku kunyonya damu. Katika Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini, tofauti hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa kuku hujitafutia chakula mchana kutwa na mara nyingi hulala jikoni au nyumbani mwa watu, kwa hofu ya wezi, vicheche na baridi.

Chawa wa kuku hawanyonyi kwa mrija, hutafuna. Aliye mbaya zaidi ni *Menacanthus stramineus*, anayekaa kwenye ngozi karibu na mkundu na kubandika mayai yake mafungu mafungu kwenye mashina ya manyoya. Hutafuna ngozi na manyoya machanga mpaka damu itoke, kisha huilamba. *Menopon gallinae* hupatikana katika mashina ya manyoya, *Lipeurus caponis* katika mabawa, na *Cuclotogaster heterographus* kichwani. Huyu wa mwisho huua vifaranga. Kizazi kimoja cha chawa huchukua wiki tatu hivi, na chawa aliyetoka mwilini mwa kuku hufa ndani ya siku chache.

Anayeumia kuliko wote ni kuku anayeatamia. Kwa siku 21 huacha kiota kwa muda mfupi tu, hula kidogo, na haogi vumbi vya kutosha. Akisumbuliwa mno huyaacha mayai yakapoa. Akivumilia mpaka yaanguliwe, vifaranga hupokea chawa kutoka kwa mama tangu siku ya kwanza. Hasara hii ni kubwa lakini haionekani upesi: ugonjwa wa Newcastle ukiua kuku wa kijiji kizima kila mtu huuona, ilhali kifaranga aliyedhoofishwa na chawa huhesabiwa kuwa amekufa kwa baridi.

Utitiri mwekundu, *Dermanyssus gallinae*, ndio unaoishi nyumbani. Mchana hukaa katika nyufa za mbao, katika fito na chini ya kiota. Usiku hutoka, hunyonya, hurudi. Mfugaji anayemkagua kuku mchana anaweza asiuone kabisa, wakati kishungi cha kuku kimekwisha kupauka kwa upungufu wa damu. Penye joto, kama katika mabonde ya msitu wa Walikale, yai la utitiri laweza kuwa mdudu kamili kwa wiki moja hivi. Kwenye milima ya malisho ya Masisi, baridi huchelewesha uzazi lakini huongeza ustahimilivu: bila damu, utitiri unaweza kuishi miezi kadhaa. Jambo hili si dogo katika nchi ambako mapigano, hasa tangu mwisho wa 2021, yamezihamisha familia nyingi. Nyumba iliyokaa tupu kwa msimu mzima haijasafika, na kuku wapya wakiingizwa kabla nyufa hazijamwagiwa maji ya moto na kuzibwa kwa udongo, hushambuliwa usiku wa kwanza. Utitiri huu huwauma watu pia na kuwawasha.

Utitiri mwingine, *Knemidocoptes mutans*, huchimba chini ya magamba ya miguu. Magamba huinuka, miguu huvimba na kuwa na ganda jeupe, na kuku mzee huishia kuchechemea. Miguu huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha hupakwa mafuta ya mawese, na kazi hiyo hurudiwa kwa wiki kadhaa. Mafuta ya taa matupu huunguza ngozi. Kiroboto *Echidnophaga gallinacea*, anayeng'ang'ania usoni kuzunguka macho, na kupe wa jamii ya *Argas*, wanaoeneza bakteria *Borrelia anserina*, hupenda zaidi sehemu kavu, hivyo katika nchi hii ya mvua si tishio la kwanza.

Mvua hiyo hiyo humnyima kuku kinga yake ya asili, yaani kuoga vumbi. Sanduku la udongo mkavu uliochanganywa na majivu, likiwekwa chini ya paa, hurudisha kinga hiyo. Nyanda za juu za Kivu zimelima pareto tangu enzi za ukoloni. Unga wa maua yake makavu, ukipakwa chini ya manyoya, huua chawa. Mtupa (*Tephrosia vogelii*) pia huua wadudu, lakini mabaki yake yasimwagwe mtoni kwa kuwa ni sumu kali kwa samaki. Mayai ya chawa hunusurika na unga, kwa hiyo dawa hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10. Dawa za kuogeshea ng'ombe, zinazopatikana kwa urahisi Masisi, na sumu za mashambani hazifai: mabaki yake huingia katika mayai na nyama, na kuku walionyunyiziwa hulala karibu na vyungu. Majani ya kiota huchomwa kila baada ya vifaranga kuanguliwa, na kuku aliyenunuliwa sokoni hukaguliwa chini ya mabawa na karibu na mkundu kabla ya kuchanganywa na wenzake.