Mashine ya kale ya kukuzia picha: usiiuze kama chuma chakavu

MSAFIRI anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, mwendo wa kilometa 33 hivi za barabara yenye kona nyingi, huliacha joto la tambarare na kuingia katika ubaridi wa milima ya Usambara. Kwake huo ni unafuu wa mwili. Kwa mpiga picha wa zama za filamu ulikuwa ni zaidi ya unafuu, kwani ubaridi na maji safi ndivyo vitu viwili ambavyo chumba cha giza, mahali pa kusafishia na kuchapia picha, hakiwezi kufanya kazi vizuri bila ya kuwa navyo.

Siku hizi vyumba hivyo vimekuwa adimu. Kamera za dijitali na simu za mkononi zimechukua nafasi ya filamu, na vifaa vya kazi ile vimesukumwa stoo. Kilicho kikubwa na kizito kuliko vyote ni mashine ya kukuzia picha kutoka katika negativu kubwa. Asiyeijua huona nguzo ya chuma, sanduku la taa na mvukuto uliochakaa, akaikadiria bei kwa kilo.

Makala haya yanaeleza mashine hiyo ni kitu gani, imetoka wapi, inatumikaje hata leo, na kwa nini kuitupa ni kujifungia mojawapo ya milango ya kuziona picha za kale za nchi yetu.

Vioo vya enzi ya Wajerumani

Picha za mwanzo za milima ya Usambara hazikuhitaji mashine hii. Wamisionari Wajerumani walifika Mlalo mwaka 1891. Mwaka 1902 kituo cha utafiti wa kilimo na mimea kilianzishwa Amani, katika Usambara ya Mashariki. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mji wa Lushoto wenyewe uliitwa Wilhelmstal, na ukawa makao ya utawala na mahali pa Wazungu kupumzikia, mbali na joto la pwani.

Kamera kubwa za wakati huo zilikuwa za mbao, zikisimamishwa juu ya miguu mitatu. Ndani yake hakukuwa na filamu ya kukunja, bali bamba la kioo lililopakwa jelatini yenye chumvi za madini ya fedha. Ufundi huo wa mabamba makavu ulitangazwa na daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, mwaka 1871. Uliwafaa sana wasafiri, kwa kuwa bamba liliweza kutayarishwa kiwandani, likabebwa kwa miezi, kisha likasafishwa baadaye. Vipimo vilivyozoeleka kwa Wajerumani vilikuwa sentimeta 9 kwa 12, 13 kwa 18, na 18 kwa 24.

Bamba la ukubwa huo lilichapwa kwa njia nyepesi. Lililazwa juu ya karatasi ya picha, vikabanwa pamoja ndani ya fremu, kisha vikaangaziwa mwanga. Picha ilitoka na ukubwa ule ule wa kioo. Ndiyo maana picha nyingi za zama hizo ni ndogo kiasi cha kushikwa kiganjani, lakini mtu akizitazama kwa kioo cha kukuzia huona hata majani ya migomba.

Sehemu ya kazi hizo imehifadhiwa Ujerumani. Desemba 2008 Nyaraka za Shirikisho za nchi hiyo ziliruhusu maelfu ya picha zake zitazamwe na kutumiwa bila malipo katika intaneti. Miongoni mwake zimo za Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita hivyo. Chuo Kikuu cha Frankfurt nacho kinatunza makumi ya maelfu ya picha zilizokusanywa na Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani.

Mashine ilivyozaliwa

Haja ya kupata picha kubwa kuliko negativu ilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1857 Mmarekani David Acheson Woodward, mkazi wa Baltimore, alipata hataza ya mashine iliyotumia mwanga wa jua ulioelekezwa ndani kwa kioo cha kuakisi. Kazi hiyo ilikwenda polepole, na wingu moja tu lilitosha kuisimamisha.

Mambo mawili yaliibadili hali hiyo. La kwanza ni karatasi zenye bromidi ya fedha, zilizohitaji mwanga mdogo sana. La pili ni taa ya umeme. Katika karne ya 20 mashine zilienea katika studio, magazeti, idara za upimaji ramani na vyuo. Majina yaliyopata sifa katika kundi la negativu kubwa ni Durst ya Italia, De Vere ya Uingereza, na Omega na Beseler za Marekani.

Katika Afrika Mashariki chumba cha giza kilikuwa moyo wa biashara ya studio. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilianzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na picha zake za rangi nyeusi na nyeupe zimekuwa kumbukumbu kubwa ya maisha ya visiwa vile. Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa picha alizoziunganisha kwa ustadi, akiwaweka wateja wake ndani ya maua na vitu vingine, miaka mingi kabla ya kompyuta kuifanya kazi hiyo iwe rahisi.

Inavyofanya kazi

Mashine ya kukuzia ni kamera iliyogeuzwa. Kamera huuchukua ulimwengu mkubwa na kuuingiza katika negativu ndogo, nayo mashine huichukua negativu na kuipanua. Juu kabisa pana taa. Chini yake zipo lenzi nene za kukusanya mwanga, au kioo cheupe cha kuutawanya. Hufuata kishikio cha negativu, kisha mvukuto, kisha lenzi. Kichwa chote hupanda na kushuka katika nguzo. Kikipanda, picha inayoangukia mezani hukua. Kikishuka, hupungua.

Lenzi hulingana na negativu. Negativu ya filamu ndogo ya milimeta 35 hutumia lenzi ya milimeta 50. Ya inchi 4 kwa 5 hutaka milimeta 135 au 150, na ya sentimeta 13 kwa 18 hutaka milimeta 210. Lenzi fupi kuliko inavyotakiwa haiufikishi mwanga kwenye pembe za picha.

Faida ya negativu kubwa huonekana kwa hesabu. Kuitoa picha ya sentimeta 39 kwa 54 kutoka katika bamba la 13 kwa 18 ni kuikuza mara tatu tu. Filamu ya milimeta 35, yenye upana wa milimeta 24 na urefu wa 36, ikitakiwa kutoa picha inayokaribia ukubwa huo hukuzwa mara 15. Kila kasoro, vumbi na chembe ya fedha nayo hukuzwa mara 15.

Baridi, maji na ukungu

Dawa nyingi za kusafishia picha zimekusudiwa kutumika katika nyuzi joto 20 za Selsiasi. Tanga na Dar es Salaam maji ya bomba hupita kiwango hicho kwa urahisi, na mafundi wa pwani walilazimika kutumia barafu, au dawa za kuikaza jelatini isilainike na kubanduka. Lushoto, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, imepata karibu bure kile ambacho pwani hukigharamia.

Hata hivyo, baridi nayo ina mipaka. Haidrokwinoni, kemikali iliyomo katika dawa nyingi za kusafishia, karibu inaacha kufanya kazi chini ya nyuzi 13. Asubuhi za Juni na Julai fundi wa milimani hana budi kuiweka sinia ya dawa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu.

Adui mwingine ni unyevu. Ukungu unaoifunika Usambara huotesha kuvu juu ya jelatini na ndani ya lenzi. Negativu zitunzwe katika bahasha za karatasi, mahali pakavu penye hewa, mbali na sakafu na ukuta wa nje.

Aidha, dawa ya kukazia picha ikishatumika hubeba madini ya fedha, ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini. Katika milima ambayo vijito vyake hunywesha bustani za kabichi, karoti na viazi, dawa hiyo isimwagwe mferejini. Ikusanywe katika dumu na kupelekwa kwa wanaoweza kuiondoa fedha yake.

Matumizi ya leo

Ni kweli kwamba skana na kompyuta zinaweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi hii. Lakini mashine haijafa. Kampuni ya Harman ya Uingereza, yenye jina la Ilford, na Foma ya Jamhuri ya Czech zinaendelea kutengeneza karatasi za picha. Kampuni ya Intrepid ya Brighton, Uingereza, ilibuni mashine nyepesi ya negativu za inchi 4 kwa 5 yenye taa za LED. Wanaozitumia ni wasanii, walimu wa upigaji picha na watunza kumbukumbu. Picha iliyochapwa kwa fedha na kuoshwa vizuri hudumu kwa vizazi, na haihitaji nywila wala programu ili ionekane.

Anayetaka kuifufua mashine ya kale akague mambo manne: lenzi isiwe na kuvu, mvukuto usipenyeze mwanga, kichwa, kishikio cha negativu na meza viwe sambamba, na nyaya ziwe salama. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 110 hadi 120. Zikichomekwa moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 230, taa huungua papo hapo. Transfoma ni ya lazima.

Tahadhari kwa mwenye negativu za kale

Filamu za nitrati, ambazo Kodak iliacha kuzitengeneza mwaka 1951, huwaka kwa kasi kubwa na hazizimiki kwa urahisi. Filamu iliyogeuka njano, inayonata au kutoa harufu kali isiwekwe chini ya taa ya moto. Itengwe na itafutiwe mtaalamu. Filamu yenye harufu ya siki ni ya asetati iliyoanza kuoza. Hiyo si hatari kwa moto, lakini muda wake unahesabika, na inapaswa kunakiliwa mapema.

Kioo nacho hakiungui, ila huvunjika. Bamba lisioshwe kwa maji wala kufutwa kwa kitambaa upande wa jelatini. Lishikwe kingoni na kusimamishwa wima ndani ya sanduku. Mwenye bamba kubwa asiye na mashine asikate tamaa, kwani fremu, karatasi na taa ndogo bado vitampatia picha kama vilivyowapatia waliotangulia.

Tanzania ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na Idara ya Nyaraka yenye jukumu la kutunza kumbukumbu za umma. Lakini picha nyingi za harusi, shule, makanisa, misikiti na masoko si mali ya serikali. Zimo katika makabati ya familia na ya studio zilizofungwa. Hazina mlinzi ila yule aliyezirithi, ambaye mara nyingi hajui alichonacho.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kuiita gari ya chuma chakavu, fungua kwanza lile sanduku lililo kando ya mashine. Kama ndani yake mna vioo vyenye sura za watu, basi mashine ile bado ina kazi ya kufanya.