Jina la Mfalme katika Soko la Wapagazi

Juzi nilinunua Kariakoo kibao cha Arduino, ambacho wanafunzi wa elektroniki hukiandikia programu kiwashe taa au kiendeshe mota. Kilibuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kikapewa jina la baa ya mjini humo. Nayo baa ilimkumbuka Arduino, aliyetawazwa mfalme wa Italia mwaka 1002.

Kariakoo, kwa upande wake, ni Carrier Corps: kikosi cha wapagazi waliopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuitwaa Dar es Salaam mwaka 1916. Mfalme mmoja amehifadhiwa kwa jina lake. Wapagazi, waliokufa kwa maelfu, wamebakiwa na jina la kazi yao tu. Ndugu msomaji, tuitajapo Kariakoo, tuwakumbuke.