Jina Likinunuliwa

Mwaka 1996 marafiki wawili wa Miami, Marekani, Nelson Gonzalez na Alex Aguila, walianza kuunda kompyuta za kuchezea michezo, ghali na zenye nguvu, kwa matakwa ya kila mteja, kama fundi cherehani apimavyo suti. Kampuni wakaiita Alienware.

Mwaka 2006 Dell iliinunua. Mwaka huohuo Hewlett-Packard nayo ilinunua mshindani wake, VoodooPC ya Calgary, Kanada. Dell iliacha jina la Alienware lisimame, na hadi leo lipo madukani. Voodoo ilimezwa, mwaka 2014 likafufuliwa jina la kompyuta yake moja, Omen.

Mimi nasema hivi: fundi anayeuza karakana asiulize bei peke yake. Aulize pia, jina langu litalala wapi?