Calypte anna: Ndege wa Ushungi Mwekundu

Ndege huyu wa jamii ya wavumaji, mwenye urefu wa sentimita 10 hivi, huishi pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Ananyonya asali ya maua kama chozi wa Afrika, lakini hao wawili si ukoo mmoja.

Mwaka 1829 Mfaransa René Primevère Lesson alimpa jina la *anna*, kwa heshima ya Anna Masséna, mke wa mwanamfalme wa Essling. Mumewe, François Victor Masséna, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa ndege. Mwaka 1846 mkusanyo wake, wenye ndege zaidi ya 12,000, ulinunuliwa na kupelekwa Philadelphia.

Jina la kwanza lilikuja baadaye. Mwingereza John Gould ndiye aliyeanzisha jenasi ya *Calypte*, bila kueleza alichokusudia. Wengi hulihusisha na neno la Kigiriki la kitambaa cha kichwani cha mwanamke, yaani ushungi. Ajabu ni kwamba mwenye ushungi hapa ni dume! Manyoya ya waridi humfunika kuanzia utosini hadi kooni, na hung'aa yanapopigwa na mwanga. Akigeuza kichwa kidogo tu, yanaonekana meusi.

Jina la sayansi limehifadhi kumbukumbu ya bibi wa Paris. Hata hivyo, Waohlone, wenyeji wa asili wa California, walikuwa wakimsimulia mvumaji zamani, pamoja na tai na koyote, katika hadithi zao za mwanzo wa dunia.