Hukumu ya Sebuleni: Sinema za Nyumbani za Wazanzibari wa Maskati

Novemba 2024 ilitimia miaka 50 tangu Televisheni ya Oman ianze kurusha matangazo mjini Maskati, tarehe 17 Novemba 1974. Walakin aila zilizorejea kutoka Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964 na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, zilikuwa zimekwisha kuijua sinema tangu enzi za majumba ya Majestic na Empire huko Unguja, ambako filamu za Misri na za Bara Hindi zilikuwa na wapenzi wasiohesabika.

Miaka ya 80 ikaja na kaseti za video. Bibi mmoja wa Al Khuwair, mjini Maskati, ambaye makala haya yameegemea hikaya zake, akumbuka usiku ilipowekwa Awaara, sinema ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, baada ya sala ya Isha, watoto wamejipanga mkekani na wazee wakinywa kahawa kwa halua. Mamake, aliyeiona ujanani Unguja, ndiye aliyekuwa mkalimani.

Ilipofika pale hakimu Raghunath anapomfukuza mkewe mjamzito kwa shaka tu, kwa kuwa alitekwa na mwizi Jagga, babake Bibi alimtetea hakimu, akisema kuwa mwenye nyumba hana budi kuilinda heshima na nasaba yake. Mama akaacha kutafsiri. Nasaba, alisema, haimfanyi mtu mwizi wala mwema. Raj, mwana wa hakimu huyo, aliharibiwa na babake aliyemtupa, kisha na Jagga aliyemlea kwa kisasi. Ubishi ukapanda hata kaseti ikazimwa, na watoto wakalala bila kuijua hukumu ya mwisho wa sinema. Wala haukuwa ubishi wa mchezo, kwani aila hiyo, kama nyingi zilizotoka Unguja, ilikuwa ikiulizwa kila siku kuhusu asili yake na Kiarabu chake.

Baadaye yakaja madishi ya setilaiti, kisha simu, na kila mtu akawa na kioo chake.

Twajivunia, na ni haki yetu, minara ya matangazo na maadhimisho yake. Lakini ni aibu kwamba mazungumzo yale ya Kiswahili, ambamo wazee walipima uadilifu, ndoa na asili mbele ya watoto wao, hayajahifadhiwa. Wenye kuyakumbuka wangalipo, nasi tunao wajibu wa kuwaendea, kuwauliza na kuyaandika.