Vichwa Bila Miili

Nikiwa na miaka 10 nilifuta mazungumzo ya watu nisiowajua ili nipate nafasi ya gemu ya magari.

Kompyuta ilikuwa ya mjomba. Alirudi nayo kutoka Marekani, alikokuwa akisoma, na diski yake ilikuwa imejaa mpaka gemu ikakataa kuingia. Nikaanza kutafuta faili kubwa. Ndani ya programu ya Outlook Express nikapata moja iliyoitwa soc.culture.kenya, na mahali pa kusafisha. Nikabonyeza. Gemu ikaingia.

Mwaka jana mjomba alihama nyumba na ile kompyuta ikaniangukia mimi. Cha kushangaza, iliwaka. Nilipofungua ile programu nikakuta safu ya vichwa vya jumbe za 2003: mada, jina la mwandishi, tarehe. Ukibonyeza kimoja, programu inaenda kupiga hodi kwa seva ambayo haipo tena. Vichwa vilibaki, miili ilienda. Yaani nilikuwa nimesafisha vizuri sana.

Ndipo nikataka kujua hiki kitu kilikuwa nini.

Kilikuwa sehemu ya Usenet, ambayo ilibuniwa 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina: Tom Truscott na Jim Ellis. Steve Bellovin wa chuo jirani cha Chapel Hill akaandika programu ya kwanza. Haikuwa na makao makuu. Kompyuta moja ilipigia nyingine simu kwa modemu, mara nyingi usiku wakati simu ni bei rahisi, zikapeana jumbe mpya. Kila kompyuta ikabaki na nakala yake.

Na hapo ndipo shida ilipoanza. Kama kila mtu ana nakala ya kila kitu, diski ya kila mtu inajaa. Dawa ikawa programu iliyoitwa expire. Msimamizi wa kompyuta alichagua idadi ya siku, na ujumbe ukifikisha umri huo unafutwa, uwe wa maana au upuuzi. Hakuna aliyekaa chini kuamua kwamba mazungumzo hayo hayafai kukumbukwa. Diski ilikuwa ghali, basi.

Miaka ya baadaye kazi hiyo ikahamia nyumbani kwa msomaji. Outlook Express ilikuwa na mipangilio ya kufuta ujumbe siku 5 baada ya kupakuliwa. Tena ilikuwa na ujanja wake: ukifuta ujumbe, faili haipungui. Panabaki shimo ndani, na nafasi hairudi mpaka programu ikamue faili yote. Ilingoja mashimo yafike asilimia 20 ndipo ianze. Kwa hiyo unaweza kufuta siku nzima na diski bado inalia imejaa. Mimi mtoto wa miaka 10 nilifaulu kwa bahati mbaya tu.

Kwa hivyo, jumbe za zamani kabisa zilisalimika vipi? Kwa sababu ya mtu mmoja mkaidi. Henry Spencer, aliyekuwa akisimamia kompyuta za idara ya zoolojia katika Chuo Kikuu cha Toronto, alikuwa akinakili jumbe kwenye kanda za sumaku kuanzia 1981. Alipoacha 1991 alikuwa na kanda 141, zenye jumbe takriban milioni 2. Kampuni ya Deja News ikaanza kuhifadhi 1995, Google ikanunua hazina hiyo Februari 2001, na Desemba mwaka huo ikafungua mkusanyo wa miaka 20, pamoja na kanda za Spencer: zaidi ya jumbe milioni 700. Ndimo ulimo ule wa Agosti 1991 ambapo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliwaambia watu kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha. Mfumo huo ndio Linux, na simu yako ya Android imejengwa juu yake.

Tunapenda kusema historia huandikwa na washindi. Hii iliandikwa na aliyekuwa na kanda za ziada.

Nikarudi kwa mjomba. Kwenye kompyuta, jumbe alizotuma yeye mwenyewe zilikuwa zimehifadhiwa mahali pengine, kwa hivyo sikuzigusa. Moja ni ya Januari 2003. Kibaki ameapishwa siku chache zilizopita, nchi nzima inajiona inaweza kufanya lolote, na mjomba anauliza Wakenya wenzake: nirudi nyumbani sasa, ama ningoje?

Majibu yalikuwa 12. Niliyatafuta kwenye mkusanyo wa Google, ambao tangu Februari 2024 haupokei jumbe mpya lakini za zamani bado zinasomeka. Nikapata 7. Matano hayapo. Siku hizo mwandishi aliweza kuweka kwenye ujumbe mstari wa X-No-Archive, yaani msinihifadhi, na Deja na baadaye Google ziliheshimu ombi hilo. Huenda hao watano waliuweka. Huenda walidhani wanaongea na marafiki wa wiki hiyo tu.

Nikampigia mjomba, nikamwambia ukweli kuhusu gemu. Akacheka. Akasema anakumbuka jibu moja kuliko yote, lililomfanya afunge mizigo.

"Aliniambia nirudi," akasema, "lakini nikate tikiti ya kwenda na kurudi."

"Ulikata?"

"Nilikata. Sikuwahi kutumia ya kurudi."

Jibu hilo halimo kati ya yale 7. Mjomba hakukumbuka aliyeliandika, alikumbuka tu kwamba lilikuja la kwanza. Nikaangalia tarehe na saa kwenye vichwa, nikamsomea jina. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ehe. Huyo."

Jina ninalo. Sitaliandika hapa, kwa sababu inawezekana mwenyewe aliomba asihifadhiwe. Lakini ile faili nimeinakili mahali pawili, na vichwa vyake vyote 12.