Engawa

Katika makumbusho ya wazi ya majengo ya Edo-Tokyo, yaliyofunguliwa mwaka 1993 huko Koganei, mgeni huvua viatu kabla ya kuingia nyumba ya Takahashi Korekiyo, waziri wa fedha wa Japani aliyeuawa ghorofani humo na wanajeshi waasi tarehe 26 Februari 1936. Vyumba vimetandikwa mikeka minene ya tatami. Pembezoni, kuelekea bustani, kuna sakafu nyembamba ya mbao: engawa.

Sikio la Mswahili husikia "gawa" humo, kumbe sivyo. "Gawa" hiyo ni "kawa", yaani upande, iliyobadilika sauti. "En" ni ukingo, na herufi yake hiyohiyo hubeba pia maana ya uhusiano baina ya watu. Basi "veranda" hainiridhishi, imepoa mno. Nachagua "kibaraza", maana hapo watu huketi, hupokea jirani, hunywa chai. Tofauti ipo, nayo ni kubwa: baraza la Lamu hutazama njia na wapitao, engawa hutazama mawe na miti. Mfasiri aieleze mara moja, kisha aandike kibaraza bila wasiwasi.